Ratiba Iko Ukurasa wa Mwisho: Tathmini ya Huduma ya Habari ya Hospitali Yetu ya Rufaa

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikifuatilia, mwezi baada ya mwezi, taarifa ambazo hospitali kubwa ya kufundishia na rufaa inayotuhudumia huku magharibi mwa Kenya huzitoa kwa umma: jarida la kila mwezi, ujumbe mfupi wa simu kwa wagonjwa wa kliniki, ubao wa matangazo ulio langoni, na mazungumzo ya asubuhi ambayo wauguzi huwapa wagonjwa wakiwa wangali kwenye mabenchi. Sikuanza kwa udadisi. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari na presha, mimi ndiye mtoto wake anayekaa karibu, na mwalimu wa sekondari hapa Luanda hawezi kuomba ruhusa kazini kila wiki kwa kubahatisha siku ya kliniki. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko na mama bado ana faili huko.

Hospitali za aina hiyo ziko kadhaa katika eneo letu na Bonde la Ufa. Ya Eldoret ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60, ikafanywa ya kufundishia na rufaa mwaka 1998. Ya Kisumu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, na ingawa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, mzee akipanda matatu bado humwambia kondakta amshushe Russia. Ya Nakuru ingali PGH (Provincial General Hospital, yaani hospitali kuu ya mkoa) midomoni mwa watu, japokuwa mkoa ulioipa herufi hizo uliondoka na Katiba ya mwaka 2010. Nayataja majina haya ya mitaani kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo waandishi wa jarida ninalolitathmini hawajalizingatia: watu huyajua majengo kwa majina waliyoyapa wao, ilhali matangazo huandikwa kwa majina yaliyo kwenye vibao vya ufunguzi. Tangazo likisema kwamba huduma fulani imehamia jengo lenye jina la mfadhili, msomaji wa Emuhaya hajaambiwa kitu. Lingesema kwamba huduma hiyo iko nyuma ya famasia, karibu na tangi la maji, angefika bila kumuuliza mtu.

Nianze na jarida. Limechapishwa kwa karatasi nzuri inayong'aa, picha zake ni safi, na kurasa za mwanzo huwa ni za wageni: ujumbe uliotembelea wadi, hundi kubwa ya maonyesho inayoshikwa na watu sita, mkurugenzi akikata utepe. Silalamiki kwamba mambo hayo huandikwa, kwani hospitali inayotegemea wafadhili kwa kiasi fulani haina budi kuwashukuru hadharani. Ninacholalamikia ni mpangilio. Ratiba ya kliniki, ambayo ndiyo habari pekee inayoweza kumwokolea mgonjwa nauli, hukaa ukurasa wa mwisho, katika kisanduku chenye herufi ndogo, na mara nyingi kwa Kiingereza kitupu.

Mwaka jana kisanduku hicho kilitugharimu siku nzima. Kliniki ya sukari ilikuwa imehamishwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi, na tangazo lilikuwa humo, chini ya habari ya mashindano ya kandanda ya wafanyakazi. Sisi hatukuliona. Tuliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, mama akiwa hajatia kitu kinywani tangu chakula cha jioni kwa sababu kipimo cha sukari alichoandikiwa hutaka mtu akae angalau saa nane bila kula, tukapanda matatu ya kwanza, na tulipofika langoni askari akatupokea kwa heshima zote: "Shikamoo mama. Kliniki ya leo si yenu. Ilitoka kwenye habari." Mama alimwuliza habari za redio gani. Askari hakuwa na jibu, ila alitutafutia kiti na kumwonyesha mama mahali pa kununua chai, na kwa hilo namshukuru hadi leo, kwa kuwa mgonjwa wa sukari aliyefunga na kutembea asubuhi yote anaweza kuanguka kabla hujamaliza kulalamika.

Mtu ataniuliza kuhusu ujumbe wa simu. Ujumbe ulikuja. Ulifika Jumatano, siku moja baada ya safari yetu, ukamtaka mama ahudhurie kliniki "kesho", nao uliandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, kwa hiyo sidhani kwamba ninaomba upendeleo. Baada ya tukio hilo nilikwenda dirisha la mapokezi kuuliza kama lugha inaweza kubadilishwa, nikaambiwa kwamba inawezekana kabisa. Karani alibofya mahali pamoja tu, na tangu siku hiyo mama hupokea ujumbe wa Kiswahili fasaha, siku tatu kabla ya miadi, ukitaja saa, chumba, na kama anatakiwa kufunga. Huduma hii, ikishapangwa hivyo, ni bora kuliko nilivyotarajia. Kasoro ni kwamba hakuna mahali popote palipoandikwa kuwa mgonjwa anaweza kuomba kubadilishiwa lugha, na nambari ya zamani ya marehemu baba nayo ilikuwa ingali kwenye mtambo hadi nilipoiondoa mwenyewe.

Haki inanitaka niseme pia kwamba jarida hilo hilo, likiamua kufundisha, hufundisha vizuri. Toleo moja lilieleza ni nani hao wanaomzunguka mgonjwa kitandani wakiwa na makoti meupe. Nilikuwa nimewachanganya kwa miaka. Mwanafunzi wa udaktari husoma miaka sita; akimaliza hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi akiwa intani, kabla ya kupewa leseni kamili; aliyemzidi hapo anaweza kuwa daktari aliyerudi kusomea ubingwa, na juu yao wote yupo daktari bingwa, ambaye mara nyingi ndiye huzungumza kidogo kuliko wote. Afisa wa kliniki, ambaye watu wengi humwita daktari naye hakatai, ana mafunzo yake tofauti. La maana zaidi, makala hiyo ilisema wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa kuchunguzwa mbele ya wanafunzi, na kwamba kukataa huko hakumwondoi kwenye foleni ya matibabu. Mama aliposomewa sehemu hiyo alicheka, akasema kwamba yeye anawapenda wanafunzi kwa kuwa ndio pekee wanaomwuliza anaendeleaje na kusubiri jibu.

Matangazo ya kuchangia damu nayo yameandikwa kwa namna ambayo mtu anaweza kuyafuata bila kupiga simu: umri kati ya miaka 16 na 65, uzito usiopungua kilo 50, mtu awe amekula, na wanaume waweze kurudia baada ya miezi mitatu, wanawake baada ya minne. Yalitaja mahali na saa, na mwezi uliofuata jarida likarudi kuwaambia waliojitokeza kwamba zoezi lilifanyika na kuwashukuru. Wachache hukumbuka hatua hiyo ya pili.

Bima ni sura nyingine. Oktoba 1, 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani, watu wengi kijijini kwetu waliamini kwamba kadi ya zamani ingejihamisha yenyewe. Ubao wa langoni ulibandikwa karatasi kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka ukiwa ndani ya matatu, ikieleza kwamba kila mtu ajisajili upya, kwamba anaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147# hata kwenye simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, na kwamba mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Chini ya ubao waliweka meza na vijana wawili wa kuwasaidia wasiojua kubonyeza. Hiyo ndiyo taarifa bora zaidi niliyoiona hospitalini hapo, na haikuhitaji karatasi inayong'aa.

Kwa upande mwingine, katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza Machi na kudumu siku 56, jarida lilinyamaza. Toleo la kipindi hicho lilikuwa na upandaji wa miti. Sitarajii hospitali ya umma ihukumu mgogoro kati ya serikali na chama cha madaktari, lakini orodha fupi ya huduma zilizobaki wazi ingewazuia watu kubeba wagonjwa kwa bodaboda hadi kwenye milango iliyofungwa.

Lipo pia suala la picha. Mara mbili nimeona picha ya mtoto mgonjwa, uso wazi, jina kamili, kijiji na maradhi yake, akiwa kando ya mfadhili anayetabasamu. Taarifa za afya ya mtu zimo katika kundi linalolindwa zaidi na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata kama mzazi alitia sahihi, sina hakika kwamba mzazi aliyetoka kulipiwa upasuaji wa mwanawe huhisi kwamba anaweza kukataa. Mtoto huyo atakwenda shule. Ningependa mhariri aandike habari hiyo bila jina na bila uso; mfadhili atatabasamu vivyo hivyo.

Nimeacha mazungumzo ya asubuhi hadi sasa kwa sababu ndiyo ninayoyapenda zaidi. Saa mbili, kabla madaktari hawajaingia vyumbani, muuguzi husimama mbele ya mabenchi na kuzungumza kwa robo saa, kwa Kiswahili, akichomeka Kiluhya au Kijaluo anapoona nyuso zimebaki kimya. Siku moja alifundisha namna ya kuhifadhi insulini nyumbani pasipo na friji: chupa ifungwe vizuri isiingie maji, iwekwe ndani ya chungu cha udongo kinachobaki na unyevunyevu, kivulini, kwa kuwa maji yakikauka polepole kwenye udongo hupunguza joto. Akaongeza kwamba wenye friji wasiiweke karibu na barafu, maana insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kisha akaichora sahani kwa chaki ukutani: nusu yake mboga, managu au sukuma wiki, robo ugali, robo maharagwe au samaki. Mzee mmoja alipinga kwa sauti kwamba robo ya ugali si ugali. Benchi lote lilikuwa upande wake, lakini mama alinunua chungu wiki hiyo hiyo, na sahani yake imebadilika kwa kiasi ambacho mimi mwenyewe sikukipata kwa miaka mitano ya kumsihi. Hakuna neno hata moja la mazungumzo hayo lililowahi kuchapishwa jaridani.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba na simu mwaka 2023, hupitisha baadhi ya taarifa hizi nyumba kwa nyumba. Wetu ni jirani, na mama humwamini kuliko karatasi yoyote. Ila naye hulalamika kwamba hospitali humfikia kwa kuchelewa kama inavyotufikia sisi.

Kwa jumla naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano: ubao na mazungumzo ya asubuhi yangepata tano, ujumbe wa simu nne baada ya kurekebishwa, na jarida mbili. Anayetaka kuitumia aende kwanza dirisha la mapokezi akiwa na kadi ya kliniki, ahakikishe nambari ya simu na lugha, kisha afike kabla ya saa mbili ili asikie mazungumzo. Jarida hugawiwa bure karibu na famasia wiki ya kwanza ya mwezi na huisha upesi. Toleo la mwezi uliopita nililikosa. Nilipata kurasa zake mbili kwa muuza karanga nje ya lango, akiwa amezikunja kuwa vifuko. Nilinunua karanga za shilingi 20 na kukunjua karatasi: ilikuwa ile ya mwisho, yenye ratiba.