Ilani ya Mgombea wa Wadi Yetu Kwale: Mikoko Ipo, Bajeti Haipo

Kijitabu cha kurasa 12 kinachogawiwa bure na mmoja wa wanaowania uwakilishi wadi huku Kwale katika uchaguzi wa Agosti 2027 kilinifikia sokoni, nami nimekisoma mara mbili, kwa kuwa wagombea wa ngazi hii hutuahidi basari na mabati, na ni nadra mmoja wao kukaa chini akaandika jinsi anavyofikiri uchumi wetu utakavyodumu.

Anaanzia panapostahili. Kampuni ya Base Titanium ilimaliza uchimbaji wake Desemba 2024, na mgombea anaeleza kwa lugha nyepesi kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaugawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa ardhini, asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, kisha anauliza ni kipato gani kitakachoshika nafasi hiyo sasa mchanga wenye madini umekwisha. Swali hilo lilipaswa kuulizwa tangu shehena ya kwanza ilipopakiwa Likoni.

Jibu lake ni bahari, na hapa ndipo kijitabu kina uzito. Anatoa mfano wa Gazi, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko huinyonya na kuihifadhi, tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yakaelekezwa kwenye maji na shule kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Vanga nao walifuata njia hiyo. Ninakubaliana naye kwamba vijiji vingine vyenye mikoko vingeweza kuiga, ila angewaambia wasomaji kwamba Gazi ilitanguliwa na miaka mingi ya kazi ya watafiti, na kwamba fedha zake husaidia kijiji bila kuziba pengo la mgodi. Ukurasa kuhusu kina mama wakulima wa mwani wa Kibuyuni ni bora zaidi: anapendekeza ghala na vichanja vya kukaushia, ili wasilazimike kuuza kwa bei yoyote mvua inapotishia.

Kuhusu wavuvi ameandika aya moja tu, isiyotaja hata barafu.

Kasoro kubwa ni neno "nitajenga", linalojirudia karibu kila ukurasa. Mwakilishi wadi hajengi. Kazi yake ni kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti inayoitekeleza. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Hapo ndipo ghala la mwani litapatikana au kukosekana, lakini kijitabu hakisemi lolote kuhusu bajeti.

Nilimweleza hayo alipopita kutusalimu. "Mama, hilo sikuliweka kwa sababu niliona litawachosha watu," akanijibu kwa adabu. Nikamwambia, mwanangu, wanaoanika mwani juani kutwa nzima hawatachoshwa na ukurasa mmoja wa hesabu. Ameahidi kuuongeza katika chapa ijayo. Kwa sasa ninawashauri majirani wakichukue kijitabu hiki, wasome kurasa za Gazi na Kibuyuni kwa makini, na wamwulize kuhusu bajeti kila anapofika kijijini.