Bagamoyo na shangazi: anzeni na ngoma, magofu yatasubiri

Shangazi yangu alikuja Dar kutoka Tabora kupima macho, akasema harudi bila kuiona Bagamoyo. Jumatano alfajiri tukapanda gari kituo cha Makumbusho, kilomita kama 70 hivi. Kichwani nilikuwa nimeshapanga ratiba: magofu ya Kaole, misheni, Karavanserai (kituo cha zamani cha misafara), chakula, nyumbani. Ratiba ikavurugika kabla ya saa nne.

Tulisikia ngoma. Ilikuwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi bado tunaiita Chuo cha Sanaa kama ilivyoanza mwaka 1981. Tukaomba ruhusa, tukaambiwa tukae pembeni tusipige picha. Wanafunzi walikuwa pekupeku, wanafanya mazoezi ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, majembe hewani, na mwalimu anawakatisha kila dakika: "Goti! Goti!" Shangazi akatazama weee, kisha akaninong'oneza: "Yule wa tatu hajawahi kulima." Kweli, jembe alilishika kama kipaza sauti. Tulikaa saa nzima na nusu. Maonyesho ya jukwaani nimeshayaona wakati wa tamasha lao la kila mwaka, lakini haya ya kukosea na kurudia ndiyo yaliyonikamata.

Misheni tulifika jua limeshapanda. Mapadre walianza hapa mwaka 1868, na kanisani ndipo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulipolala Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Shangazi wala hakumuulizia Livingstone, aliuliza nani walimbeba. Watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, kwa miguu, kutoka huko ambako leo ni Zambia. "Miezi mingapi?" Kama tisa. Akatikisa kichwa.

Swali hilo hilo alienda nalo Karavanserai. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakifika pwani na pembe za ndovu mabegani. Kutoka Ujiji njia ilikuwa kama kilomita 1,200. Mimi nilisoma maelezo ya ukutani, yeye akaketi uani kivulini, kanga magotini, akasema babu wa babu yake huenda alilala hapa. Sikumharakisha.

Kaole ni mwendo mfupi wa bajaji kusini mwa mji. Kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Pazuri mno, ila msiende saa saba mchana kama sisi. Bebeni maji.

Chakula: kuna mgahawa mmoja karibu na ufukwe, jina naliweka kapuni, tulisubiri pweza saa mbili akaja mgumu kama kandambili. Mngefanya la maana kwenda soko la samaki, mchague wenu, mkaangiwe hapo hapo.

Kwenye vibanda vya wachoraji, picha nyingi ni zile zile za soko la vinyago la Mwenge, Dar: twiga, Wamasai, machweo. Kijana mmoja tu alikuwa anachora wachuuzi wa samaki na ndoo zao, rangi bado mbichi. Shangazi akapatana naye bei kwa kelele hadi wote wawili wakacheka, akainunua. Njiani kurudi aliishika wima kwenye mapaja mpaka Makumbusho, na konda alipotaka kuiweka kwenye buti, alikoma kuuliza.