Mabawa ya spina ununue nini? Nimekupangia kuanzia bora mpaka takataka, kwa tunaofunga nzi wa trauti tukiwa Mwanza

Sisi tunaofunga nzi wa trauti, yaani chambo bandia cha kwenye ndoano kinachoiga mdudu ili kumvua samaki aitwaye trauti, huku Mwanza tunahesabika, na tukikutana swali ni lile lile, mabawa ya spina (nzi anayeiga mdudu wa majini anayeitwa meiflai) unanunua nini na unanunua wapi. Mwili hauna shida, unazungusha uzi wa rangi ya kutu, mwembamba, basi. Kazi ipo kwenye mabawa, hapo ndo hela ya watu inapotea.

Kwanza tumalizane na wale wa "trauti ziwani yuko wapi". Hayupo. Yule anataka maji ya baridi, ziwa letu lina joto mwaka mzima, kwa hiyo nzi tunafungia hapa Nyakato na Kirumba halafu wanaenda kufanya kazi Mufindi, au wanavuka mpaka kwenda kwenye mito ya Aberdare huko Kenya ambako trauti wapo tangu 1905. Ila meiflai tunao bana, tena wa kutosha. Kuna huyu wataalamu wanamwita Povilla adusta, mtoto wake anatoboa mbao na matete ndani ya maji, wakubwa wanatoka usiku kwa makundi, sanasana zile siku za kwanza baada ya mwezi mpevu, yaani kipindi ambacho wavuvi wa dagaa wamepumzika kwa sababu ya mbalamwezi. Asubuhi yake pita ufukweni uangalie waliokufa wanavyolala juu ya maji, mabawa yametanda kushoto na kulia, bapa kabisa. Hicho ndo unachotaka kuiga.

Maana spina ni meiflai wa hatua ya mwisho. Akitoka majini mara ya kwanza mabawa yana ukungu, halafu anajivua ngozi tena akiwa tayari na mabawa, kitu ambacho hakuna mdudu mwingine anafanya, ndo yanakuwa angavu ya kung'aa. Hali chochote, anapandana, jike anataga, anaanguka majini. Trauti anajua huyu haruki tena wala hakimbii, kwa hiyo anamla taratibu, na akila taratibu anapata muda wa kumkagua. Kwa hiyo bawa lako liwe angavu, lilale bapa, na lielee. Hilo la tatu ndo watu wanasahau wakiwa dukani, wanaangalia mng'ao tu.

Mimi naendaga na chupa ya maji ya kunywa yenye mdomo mpana. Omba kipande kidogo cha kitu unachotaka kununua, kiloweshe, kikamue vidoleni humo humo ndani ya maji mpaka vipovu vitoke, kisha kiachie. Kikipanda juu nunua. Kikizama, mrudishie mwenye duka kwa heshima. Usiruke hatua ya kukamua, kwa sababu uzi wowote ukiwa umebeba hewa utaelea na utadanganyika. Sababu yenyewe ni uzito tu, polipropilini, aina ya plastiki, ina kama gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, maji ni 1, nailoni iko 1.14 na poliesta karibu 1.38. Muuza duka atakwambia "zote nailoni hizo kaka", we tia kwenye chupa.

Namba moja, bila ubishi kwangu, ni polipropilini. Ile ya pakiti ya maduka ya nje ni nzuri, laini, rangi za kila aina, lakini usafiri unakuwa ghali kuliko mzigo wenyewe, labda uwe na ndugu anakuja kutoka Nairobi au Uingereza umwagizie. Hapa kwetu nenda maduka ya vifaa vya uvuvi, ulizia kamba ya kuelea, ile wanayofunga juu ya nyavu pamoja na maboya, wengi wanaiita manila. Sasa hapa kuwa makini, ziko za aina mbili. Moja ukiifumua unapata vipande vipana vya plastiki vimepasukapasuka, vigumu, hiyo achana nayo, ni ndugu yake na salfeti, itaelea sawa lakini haitii, ukiifunga inasimama inavyotaka yenyewe. Nyingine ukiifumua unapata nyuzi nyembamba nyingi zinazolala, hiyo ndo yenyewe. Chukua nyeupe, ya bluu na ya kijani waachie wenye mitumbwi. Nusu mita inatosha, tena wengine watakukatia bure wakiona unachofanya maana watataka kukuuliza maswali. Ukifika nyumbani ifumue, ichane kwa kitana, punguza nyuzi mpaka uone zimebaki chache mno, halafu punguza tena. Bawa la spina likiwa nene trauti anaona tambara. Unalifunga kwa kuzungusha uzi mtindo wa nane, unakata urefu sawa na mwili, basi.

Namba mbili ni nyoya la shingo la jogoo, na kuna wazee watanipinga watasema lingekuwa la kwanza. Kuelea linaelea vizuri kuliko vyote, ncha zile ngumu zinakaa juu ya maji zenyewe, unalizungusha kwenye ndoano halafu unakata chini na juu zibaki za pembeni. Shida ni kulipata la saizi. Ndoano za spina ni namba 14, 16, 18 (namba ikikua ndoano inapungua), na ncha za nyoya zinatakiwa ziwe kama mara moja na nusu ya uwazi wa ndoano (nafasi kati ya ncha na shina lake), sasa jogoo wetu wa kienyeji manyoya yake mengi ni marefu kupita hapo, yanayofaa ni yale madogo karibu na kichwa, kwa jogoo mzima unapata nzi wachache. Kuku wa kisasa usijisumbue, anachinjwa bado mtoto, nyoya laini linanyonya maji, na tetea vilevile. Tafuta jogoo mzee, wa kijivu au wa madoadoa. Ongea na wachinjaji pale sokoni mapema, kabla hajamtumbukiza kwenye maji ya moto, maana akishanyonyolewa ndo basi tena. Mwambie akuchunie ngozi ya shingo nzima, ukaipake chumvi, ikauke, uioshe kwa sabuni, uiweke kwenye friza siku kadhaa kuua wadudu. Inanuka, mke wangu ana maoni yake kuhusu hiyo friza.

Organza ni ya tatu. Hiki ni kile kitambaa cha kupambia maharusi, Makoroboi na mitaa ya karibu ukizunguka hukosi, robo mita ni hela ya soda na utafungia mwaka mzima. Kwa uzuri hakuna kinachoifikia, unakata kipande chembamba, unachomoa nyuzi za upande mmoja, zinazobaki zinametameta kabisa kama bawa la kweli. Lakini kwenye chupa inazama, ni poliesta au nailoni, kwa hiyo bila dawa ya kuelea na mwili uliofungwa vizuri unavua dakika chache nzi anaanza kuzama. Mi huwa nachanganya, nyuzi kidogo za organza ndani ya polipropilini, unapata mng'ao na bado anaelea. Ukiwa na hela ya vitu viwili tu nunua hivyo viwili, jogoo aendelee kuwika.

Manyoya ya bata, yale madogo yanayozunguka tezi ya mafuta juu ya mkia, nayaweka nne. Yanaelea yenyewe kwa ule muundo wake na mafuta, ila samaki mmoja akishamng'ata nzi umepata kazi ya kumkausha, na ukipaka dawa ya kuelea ya mafuta unayagandisha yote. Mzuri kwa mtu mvumilivu.

Za mwisho ni bawa za plastiki zilizokatwa tayari. Picha yake inavutia kweli, mishipa imechorwa na kila kitu, ukirusha linazunguka kama feni na mshipi wako unajisokota mpaka unakata. Wengine wanakata wenyewe kwenye mifuko ya plastiki, mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ungeipata matokeo ni yale yale. Usinunue. Na nyuzi za kufumia masweta ni akriliki, zinazama, sijazipa namba.

Mkia wa nzi usinunue kabisa pakiti ya nje, nunua brashi ya rangi ya bei rahisi yenye nywele za plastiki, chagua zilizochongoka ncha, funga mbili zilizotanuka, brashi moja inakutosha mpaka uichoke. Ndoano ndo utaagiza tu, zinazojaa madukani hapa ni za sangara, waya mnene, hiyo hata uifunge mabawa ya namna gani inazama. Ukiagiza, sema unataka za waya mwembamba za nzi wa kuelea, na uanze na namba 14, hizo 18 zinataka macho ya kijana.