Nilipeleka nondo zangu zikavutwe maabara: uzoefu wangu

Najenga nyumba ya ghorofa moja hapa Bukoba, na tangu tetemeko la Septemba 10, 2016 sina amani na nguzo ya mtu yeyote, yangu ikiwemo. Kwa hiyo kabla ya kufunga nondo nilikata vipande vya nondo zenye unene wa milimita 12 kutoka maduka mawili, kila kimoja sentimita 60, nikavipeleka maabara moja Mwanza.

Walianza na mizani. Nondo ya 12 inatakiwa iwe na gramu 888 kwa mita. Ya duka la kwanza ilikuwa na 880, sawa. Ya pili 800! Yaani kila nondo ya mita 12 nimepunjwa zaidi ya kilo nzima ya chuma.

Kisha mashine. Mtaalamu alitia alama mbili, katikati yake milimita 60, akabana ncha na kuanza kuvuta. Kwenye skrini mstari unaoonyesha mvuto kadiri nondo inavyorefuka ulipanda umenyooka. Hapo ukiachia, chuma kinarudi urefu wake. Kwa nondo ya kwanza, mvuto ulipokaribia tani 6 mstari ukalala: kuanzia hapo kinachorefuka hakirudi tena. Ikaendelea kurefuka, ikabonyea shingo, ikakatika kwa kishindo. Tulipounganisha vipande, zile milimita 60 zimekuwa 71. Ya pili ilikatika mapema, bila shingo ya kuonekana. 64 tu.

Fundi wangu alikuwa ameisifia hiyo ya pili kwa sababu inasumbua kukunja. Mimi pia niliamini nondo ngumu ndiyo nondo nzuri. Sivyo. Nguzo ikitikiswa, nondo inayorefuka inameza nguvu ya mtikisiko. Zege linapasuka, unaliona, unawatoa watoto nje. Isiyorefuka inakatika bila kukuaga.

Huduma ninaipendekeza kwa moyo wote, ila majibu yalichukua siku 9 na ripoti ni namba tupu. Omba uwepo wakati wa kuvuta, na uliza kila namba ina maana gani. Mimi walinielewesha vizuri nilipouliza.

Duka la pili nilikuwa nimeshalipia nondo 40, na muuzaji amekataa kuzirudisha. Zimelala uani. Kwenye nguzo zangu haitaingia hata moja.