Cheni ya taiming kwa gari lililotembea: ipi ununue, ipi uiache dukani

Asubuhi za Nakuru zina baridi, na ndipo cheni ya taiming iliyochoka, ile inayounganisha kranki na kamshafti ndani ya injini, hujisema. Unawasha Probox, na kabla injini haijatulia unasikia chakachaka upande wa mikanda, kama mtu anatikisa kopo la misumari. Sekunde mbili tatu, kisha kimya. Jirani atakwambia ni baridi tu. Si baridi. Oili imeshuka usiku kucha, na tenshena inayokaza cheni husukumwa na presha ya oili. Mpaka presha ifike, cheni inapiga kava.

Gari langu ni Probox yenye injini ya 1NZ-FE, ile ile iliyomo kwenye Vitz, Fielder na Premio nyingi za 1500. Dashibodi inasoma kilomita 280,000, nami sijui ilisoma ngapi kweli ilipotoka Japani, maana namba hizi huweza kurudishwa nyuma kabla gari halijapanda meli. Kwa hiyo ninapanga kwa masikio, si kwa kilomita. Mlio wa sekunde mbili ni onyo. Ukiendelea injini ikiwa imepata moto, au taa ya injini ikiwaka na mashine ikasoma kodi ya hitilafu P0016, maana yake kamshafti na kranki haziendi pamoja. Lakini usikimbilie dukani kwa kodi peke yake. Vali ndogo ya oili ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa vali kufunguka) ikiziba uchafu nayo huweza kuleta kodi hiyo, na kuifungua na kuisafisha ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kufungua kava ya mbele.

Kusubiri nako kuna gharama. Kwenye 1NZ-FE cheni ikiruka meno ya kutosha, pistoni hukutana na vali. Ukifika hapo hununui cheni tena, unatafuta injini.

Jambo moja watu hukosea: wanauliza bei ya cheni. Cheni yenyewe mara nyingi ndiyo ya mwisho kufa. Ina viungo zaidi ya 100, na kila pini ikilika kidogo tu urefu unaongezeka. Chuma hakijavutika kama mpira. Wanaokufa kabla yake ni tenshena na gaidi. (Ndiyo, ile plastiki inayoelekeza cheni mafundi wetu huiita gaidi. Ukisikia gaidi amevunjika ndani ya injini, usiite polisi.) Kwa hiyo nunua seti: cheni, tenshena, gaidi zote mbili na sproketi ya kranki, yaani giya ndogo inayovuta cheni. Giya ya VVT-i ni ghali, nayo ikiwa meno yake hayajachongoka na haichezi ukiitikisa, irudishe ilivyo.

Sasa nafasi zenyewe, kuanzia ninayoipendelea zaidi.

Ya kwanza kwangu ni seti kamili ya mtengenezaji wa Kijapani anayejulikana kwa kazi hiyo: Tsubaki, OSK au Aisin. Tsubakimoto wa Osaka huwauzia wenye viwanda vya magari cheni zao, na Aisin ni wa kundi la Toyota. Unapata ubora wa karibu na ule uliotoka kiwandani bila kulipia boksi lenye nembo. Duka la Nakuru lisipokuwa nayo, mwenye duka ataiagiza Kirinyaga Road, Nairobi, nayo itapanda matatu kama mzigo. Mpe chassi namba, usimwambie tu "Fielder". Fielder NZE141 ina 1NZ na Fielder ZRE142 ina 2ZR ya 1800. Seti ya moja haiingii kwa nyingine, na gari lako litakuwa limelala wazi gereji huku spea ikirudishwa mjini.

Genuine ya Toyota naiweka ya pili, na najua nitabishiwa. Si kwa ubaya wake. Unanunua kipande kimoja kimoja, kila kimoja na namba yake, jumla inapanda haraka, na hilo boksi ndilo linaloigwa kuliko yote. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa tenshena ya "genuine" katika duka moja hapa mjini. Baada ya wiki chache mlio ulirudi, na tulipofungua, meno yake ya kushika yalikuwa yamelainika kama sabuni. Ukitaka genuine, nenda kwa wakala rasmi na uchukue risiti yenye namba ya spea.

Ya tatu ni mchanganyiko: tenshena na gaidi za jina, cheni ya zamani inabaki. Mkono ukiwa mfupi, na cheni bado ikiwa na urefu wake, hii inaeleweka. Kwa 1ZZ-FE, ile ya Premio na Allion za zamani za 1800, inaeleweka zaidi kwa sababu tenshena yake hufunguliwa kwa nje bila kugusa kava. Mara nyingine oringi yake tu ndiyo inayovuja oili. Kwa 1NZ kava lazima ing'oke, na ukishalipa ufundi huo, kubakiza cheni ya zamani ni kujinyima kwa kitu kidogo.

Seti isiyo na jina, iliyofungwa kwa nailoni nyeupe, ni ya nne. Inafanya kazi siku ya kwanza, hilo sikatai.

Ya mwisho kabisa ni cheni ya mtumba iliyotolewa kwenye injini ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani. Unanunua uchakavu wa mtu mwingine. Afadhali hata injini nzima ya ex-Japan kama yako inakula oili na kutoa moshi, maana hapo cheni mpya ni sufuria mpya kwenye jiko bovu.

Dukani, usilipe kabla hujashika. Jina la mtengenezaji liwe limechongwa kwenye chuma cha cheni, si kwenye karatasi tu. Ukifungua gari, tundika cheni mpya na ya zamani kwenye msumari mmoja, viungo idadi ile ile: mpya iwe fupi. Zikilingana, aidha ya zamani ilikuwa nzima au mpya ni feki. Vuta pini ya tenshena polepole ukiwa umeishika, uone inasukuma nje na kushika bila kurudi.

Ongeza sili ya kranki, gasketi ya tapeti kava, silikoni nzuri, filta na oili. Kava ya 1NZ haina gasketi ya karatasi. Ni silikoni tu, na fundi akipaka nyingi, vipande vinaanguka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la oili. Simama naye hapo. Kabla hajafunga kava, mwambie azungushe kranki kwa spana raundi mbili kamili. Alama za sproketi lazima zirudi mahali pake. Viungo vya rangi vya cheni, vile vya kulinganishia alama, havitarudi, na hilo lisiwatie wasiwasi.

Oili ni 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta. Wengi hapa humimina 20W-50 kwa kuwa gari ni "kuukuu", halafu wanashangaa mlio wa asubuhi hauishi: ni nzito, inachelewa kufika kwa tenshena. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na wiki za kubeba viazi kutoka Molo nabadilisha mapema zaidi.