Kozi ya mgongano wa maslahi kazini: nyota tatu, mbili zimeishia mezani kwa bosi

Kazini tumepitishwa wote kwenye kozi ya mtandaoni ya mgongano wa maslahi, zile za video fupifupi halafu maswali halafu unashusha cheti. Jina la waliotengeneza naliacha. Nawapa nyota tatu kati ya tano.

Mwanzo wako vizuri mno. Hawakuanza na vitisho vya rushwa, wameeleza kwamba kuwa na mgongano sio kosa, kila mtu ana ndugu na marafiki, shemeji yako akiomba tenda pale unapofanya manunuzi wewe hujaiba kitu, kosa ni kunyamaza halafu unakaa kwenye kamati unampa maksi. Wakatenganisha mgongano uliopo kweli, unaoweza kuja baadae, na ule ambao haupo ila kwa macho ya watu unaonekana upo, mgawanyo ambao miongozo ya OECD, lile shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, inao tangu 2003. Huo wa tatu ndo watu wanaudharau, "mi moyo wangu safi", sawa, ila aliyekosa tenda atauonea wapi huo moyo?

Shida inaanza ukishajaza fomu. Kozi inasema tangaza maslahi yako kwa msimamizi wako, basi, wanarukia zawadi za kalenda na kalamu. Sasa msimamizi aifanyie nini hiyo fomu? Akutoe kwenye kamati, au akuache ila mwingine apitie maamuzi yako? Na kama mwenye maslahi ndo huyohuyo msimamizi? Kimyaa. Wakati hapo ndo mambo huharibikia. Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani, 1999, bodi ilijua kabisa kwamba mkuu wa fedha wao Andrew Fastow anataka kuendesha kampuni za ubia zitakazofanya biashara na Enron yenyewe, wakaweka kanuni za maadili pembeni wakamruhusu, Desemba 2001 wakaomba kufilisika. Paul Wolfowitz, aliyekuwa rais wa Benki ya Dunia, naye alisema mapema kwamba mpenzi wake anafanya kazi hapohapo, mama wa watu akahamishwa, ila masharti ya mshahara mpya akaagiza Wolfowitz mwenyewe, 2007 akaachia ngazi. Yaani kutangaza walitangaza!

Maswali ya mwisho ndo kichekesho, eti "ni sahihi kumwajiri mwanao kwa siri?" jamani, nani atajibu ndiyo? Si mngeuliza umepangiwa kumfanyia tathmini mtu mliyeachana au anayekudai hela, hapo watu wangekuna vichwa.

Sauti safi, kwenye simu inafunguka, ukiachia katikati unaendelea ulipoishia. Kwa mfanyakazi mpya inatosha. Ila nyie HR kabla hamjalipa muulizeni muuzaji kama ana somo la wanaopokea fomu, kama hana andikeni wenyewe hata ukurasa mmoja, nani anapokea, anajibu ndani ya siku ngapi, kazi ya aliyejitoa anashika nani, na fomu ya bosi inaenda kwa nani.