Field Museum au American Museum of Natural History?

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, Field Museum ya Chicago ina mvuto wa pekee: simba wawili wala watu wa Tsavo wako pale tangu 1925. Ngozi zao zilikuwa mazulia kwanza, ndiyo maana wanaonekana wadogo kuliko sifa zao! Dinosaria Sue naye ana mifupa halisi, ila fuvu limewekwa kando kwa uzito wake.

American Museum of Natural History, iliyoko New York, inashinda kwa ukubwa. Nyangumi wa bandia wa mita 29 hivi ananing'inia darini. Kiingilio? Wakazi wa New York, New Jersey na Connecticut hujipangia. Mgeni hulipa bei kamili.

Mwenye saa chache ningempeleka Chicago. Mwenye siku nzima na watoto wasiochoka, New York.